Nimeenda Little Italy kutafuta Wataliano, nikawakuta Wachina

Wiki ya pili sasa tangu nirudi Kigoma na kila ninayemkuta kijiweni swali ni lile lile, Marekani ulienda kufanya nini. Nikisema nilienda kumsalimia dada wanaridhika. Nikiongeza kwamba katika zile wiki tatu, siku nne nzima nilizimalizia kuzunguka mitaa ya Wataliano, wananiangalia kama mtu aliyerudi na homa. Mama ndo kabisa. Siku ile nimempigia video WhatsApp niko Mulberry Street, pale Little Italy ya New York, nikageuza kamera aone mabendera ya kijani nyeupe na nyekundu yaliyovushwa juu ya mtaa mzima kama mapambo ya harusi, mama akasogeza simu karibu na macho akaniuliza, "Sasa mwanangu, mbona hao wanaopita nyuma yako wote Wachina? Hao Wataliano wenyewe wako wapi?"

Nilikosa jibu. Nikazuga mtandao unasumbua, nikakata simu. Ndo nimekaa hapa najaribu kumjibu, na najua hatasoma kwa sababu bando lake lote linaishia kwenye mawaidha ya sauti ya magrupu, ila wewe utasoma.

Dada yangu anaishi Bronx, New York, mwaka wa tisa huu, yeye na shemeji na watoto wawili, kwenye ghorofa la zamani karibu na Fordham Road, majirani zake Waghana, Wadominika, Wagambia, ukitoka asubuhi kwenye korido unasalimiwa kwa lugha tano na zote huzijui. Nilienda Septemba. Safari siisimulii, toka mwisho wa reli mpaka kule ni kushuka ndege kupanda ndege miguu imevimba, inatosha. Na maghorofa marefu niliyaona, usije ukasema sikuyaona, siku moja tu, shingo ikauma nikaridhika.

Lakini mimi ni mtoto wa Ujiji. Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, tulihamia nikiwa kidato cha pili, ila utoto wangu wote uko Ujiji, na mtu wa Ujiji ukimwambia kuna mtaa mahali fulani ambao watu walitoka ng'ambo ya maji wakajazana humo na lugha yao na chakula chao na fitina zao, lazima atake kwenda kuona, angalau ajue kama wametuzidi. Kwetu sisi karibu kila nyumba ina ng'ambo yake. Bibi mzaa mama alikuwa Mmanyema, mama yake ndiye aliyevushwa ziwa akiwa mdogo kutoka huko Kongo, jirani mmoja Mbwari, mwingine Mgoma, nyuma yetu Wabembe, halafu Waha waliotelemka kutoka Kasulu kama babu mzaa baba, na Mwarabu mwenye duka, na kila mmoja akikasirika anamwambia mwenzake arudi kwao. Nimekulia kwenye hizo kelele.

Basi dada akanielekeza Little Italy. Panda treni ya D hapa Fordham Road, shuka Grand Street, usibadilishe popote, usisinzie, na mtu akianza kuimba ndani ya behewa usimtazame maana atataka hela. Nikafuata yote. Natoka chini ya ardhi nategemea harufu ya piza, nakutana na harufu ya Kibirizi.

Nakwambia Kibirizi kabisa, mwalo wetu wa samaki hapa Kigoma, asubuhi mitumbwi ikishafika. Samaki wamelazwa juu ya barafu nje ya maduka barabarani, wengine bado wanarusha mikia, kaa wamefungwa kwenye vikapu, kamba wakavu, na vidagaa vikavu vimejazwa kwenye maboksi ya kadibodi vimekaa kama vimetoka Katonga jana, na akina mama wa Kichina wanabishana bei kwa sauti zile zile za akina mama wa kwetu, yani huhitaji kujua lugha, unajua tu huyu anasema samaki wako amelala na yule anasema amelala mumeo. Nilisimama kwenye vile vidagaa kama dakika tano nzima. Nikaulizia, kamfuko kadogo dola 8. Nikapiga hesabu, kwa bei hiyo wavuvi wetu wangekuwa wanakwenda ziwani kwa helikopta.

Hapo bado niko Little Italy kwa mujibu wa simu yangu. Nikatembea na Grand Street kuelekea magharibi, nikavuka Bowery, nikapita Elizabeth Street, nikapita Mott Street, mabango yote ya Kichina, mpaka Mulberry Street ndipo ghafla bendera zikaanza, mpaka mabomba ya zimamoto yamepakwa zile rangi tatu. Kama mtu amechora mstari chini akasema kuanzia hapa ni Italia, na hiyo Italia yenyewe imebaki mitaa michache tu, ukitembea bila kusimama kupiga picha unaimaliza kabla kahawa haijapoa.

Zamani haikuwa hivyo. Kati ya 1880 na 1920 Wataliano zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao wakulima wa kusini, watu wa Napoli, Calabria na Sicilia, huko ardhi ilikuwa ya mabwana wakubwa, kodi nzito, malaria haiishi, halafu mwishoni mwa 1908 tetemeko la ardhi likaja kuufuta mji wa Messina. Wakishuka melini New York wanakwenda kwa mtu wa kijijini kwao aliyetangulia, ndo maana hata ndani ya mtaa mmoja wa Wataliano kulikuwa na mipaka, Mulberry ya watu wa Napoli, Elizabeth Street ya watu wa Sicilia, Mott ya Calabria, na wakati huo Italia yenyewe kama nchi moja ilikuwa bado changa, imeunganishwa 1861, kwa hiyo mtu alijijua kwa kijiji chake kwanza, Utaliano kaja kuambiwa Marekani. Hiki kitu kilinichekesha sana kwa sababu hata "Wamanyema" ni hivyo hivyo, huko Kongo ni makabila chungu nzima, wamekuja kuwa kabila moja baada ya kuvuka ziwa.

Na wengi wao walikuwa wanaume peke yao, na hawakuja kukaa. Walikuja kutafuta hela warudi wakanunue kishamba, na wengi kweli walirudi. Katikati yao na kazi kulikuwa na dalali wa Kitaliano wanamwita padrone, ndiye anayekutafutia kibarua, anakukatia tiketi, anakupa chumba na chakula kwa bei yake, halafu anakata humo humo kwenye mshahara wako mpaka unajiuliza nani alikuwa anamfanyia nani kazi. Sasa hapo nikamkumbuka babu. Babu yangu alikwenda Tanga kukata mkonge, manamba, unachukuliwa huku Buha na watu wa Silabu, wale waliokuwa wanaandikisha vibarua wa mkonge, unapewa namba, unapandishwa treni. Alikwenda kwa mkataba wa kurudi na akarudi, lakini wenzake wengine hawakurudi, wajukuu zao leo ni Watanga wanakula mihogo ya nazi na Kiha hawajui hata salamu.

Walivyokuwa wanaishi sasa, hapo usiombe. Kipande kimoja cha Mulberry kilipopinda, Mulberry Bend, kilikuwa kati ya sehemu mbaya kuliko zote mjini, familia nzima chumba kimoja, vyumba vya ndani havina dirisha, watoto wanakufa sana. Mwandishi mmoja, Jacob Riis, naye mhamiaji tu kutoka Denmark, alikuwa anaingia humo usiku na taa ya kulipuka anapiga picha, mwaka 1888 na kuendelea, na zile picha zikawaudhi wakubwa mpaka pale Bend pakabomolewa pakajengwa bustani, ikafunguliwa 1897. Leo inaitwa Columbus Park. Nilikaa pale kwenye benchi. Jina la bustani ni la Mtaliano na wazee waliojaa humo ni Wachina watupu, wanacheza karata na mchezo wao fulani wa duara za mbao kwenye meza za mawe, mmoja anacheza, sita wamemsimamia kichwani wanamfundisha. Ukiwabadilisha kofia tu hao ni wazee wa bao wa pale kwetu.

Takwimu nilizisoma kabla sijaenda, ila hazikuniingia mpaka nilipokaa kwenye lile benchi. Mwaka 1950 katikati ya Little Italy walikuwa wanaishi watu zaidi ya 10,000, karibu nusu yao wenye asili ya Italia, na 2,149 kati yao wamezaliwa Italia kwenyewe. Mwaka 2000 waliozaliwa Italia wakabaki 44. Takwimu za serikali zilizotoka mwishoni mwa 2010 zikakuta pale wakazi kama 8,600, na aliyezaliwa Italia hakupatikana hata mmoja. Sifuri. Kwa hiyo mama yangu kwa video ya dakika mbili kutoka Mwanga aliona kile kile walichokiona wenye takwimu zao.

Waliondoka vipi? Hakuna aliyewafukuza. Sheria ya 1924 ilibana Wataliano wapya wasiingie kwa wingi, kwa hiyo hakuna wa kujazia, halafu baada ya vita kuu ya pili waliokuwepo wakapata hela, watoto wamesoma, wakahamia Brooklyn, Staten Island, New Jersey, kwenye nyumba zenye bustani na bafu lako peke yako. Mwaka 1965 sheria ikabadilishwa tena, Wachina waliokuwa wamezuiwa miaka na miaka wakaanza kuingia, Chinatown, mtaa wao wa jirani, ikavuka Canal Street iliyokuwa mpaka ikaenda mbele. Mtu alihama kwa furaha na funguo akamwachia Mchina, hakuna cha kulia hapo.

Sasa nije kwenye chakula. Nje ya kila mgahawa pale Mulberry kuna mtu amesimama na menyu anakuita, karibu kaka, meza ipo, leo tuna ofa, na ukimpita yule wa pili anakudaka hapo hapo, jamani wapiga debe wa stendi tunawaonea bure. Nikadakwa. Sitaji ni wapi. Nikaletewa tambi na nyanya, sahani kubwa chakula kidogo, tambi zimelala katikati kama kiota, dola 28, ukiweka kodi na ile hela ya mhudumu ambayo eti ni hiari lakini ukiacha kutoa anakuangalia, ikafika kama elfu tisini za kwetu. Elfu tisini! Na aliyenihudumia nikamuuliza kwa heshima, kaka wewe ni Mtaliano? Akasema hapana, Mexico.

Kahawa niliisamehe. Wanaleta kikombe kile kile cha kijiweni, kidogo, nyeusi, chungu, unameza mara mbili imeisha, tofauti yake ni kwamba ya kwetu mia mbili na ya kule dola 4, na hakuna kashata. Niliinywa kwenye duka la keki la Ferrara pale Grand Street, lipo tangu 1892, nikakaa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu ili hela yangu irudi.

Nilibahatika kuikuta sikukuu ya San Gennaro, maana inaangukia Septemba. Huyu ni mtakatifu wa mji wa Napoli, siku yake ni tarehe 19, na watu wa Napoli wa Mulberry walianza kumfanyia sherehe mtaani mwaka 1926, mwanzo siku moja, siku hizi siku 11. Mimi Muislamu naangalia tu kama mgeni, lakini kuna vitu viwili vilinigusa. Kwanza ile sanamu ya mtakatifu inatembezwa barabarani, bendi ya matarumbeta nyuma yake, na watu wanasogea wanaibandikia noti za dola kwenye riboni, noti juu ya noti, nikasema he, hii si ndo kutunza? Hivi ndivyo shangazi zangu wanavyomfanyia bi harusi! Pili, zile wanaita zeppole. Unga umeumuliwa, unadondoshwa kwenye mafuta ya moto, unavimba duara, unamwagiwa sukari ya unga. Kalimati. Nimevuka bahari na nchi kavu kwenda kununua kalimati kwa dola, na nilizila zote sita nimesimama, nimechafuka sukari mpaka kifuani. Soseji zao sikugusa, dada alishanionya ni za nguruwe, ingawa harufu yake na ile pilipili hoho na vitunguu, Mungu anisamehe, ilinifuata mpaka kituoni.

Kuna majengo mawili matatu pale ambayo ukiyaangalia vizuri mtaa unakaa sawa kichwani. Kwenye kona ya Grand na Mulberry palikuwa na Banca Stabile, benki ya familia ya Kitaliano iliyoanza 1885, mhamiaji alikuwa anaingia pale anatuma hela kwa mama yake kijijini, anapiga telegramu, ananunua tiketi ya meli ya kumleta mdogo wake, anaandikiwa na barua kama hajui kuandika. Yani wakala, kibanda cha pesa cha mtaani, tofauti ni kaunta ya marumaru tu. Jengo hilo baadaye ndo likaja kuwa makumbusho ya Wataliano wa Marekani. Kona hiyo hiyo kulikuwa na duka la jibini, Alleva, tangu 1892, limefungwa 2023 kwa sababu ya kodi ya pango, limehamia New Jersey kama wateja wake. Hatua chache mbele kwa Di Palo, tangu 1910, bado wapo, foleni mpaka mlangoni, majibini yamening'inia darini kama vibuyu, na wenye duka ni wa ukoo ule ule. Pale ndo mahali pekee Mulberry na Grand niliposikia mtu anabishana juu ya jibini kwa lugha ambayo siyo Kiingereza wala Kichina, bibi mmoja na kijana wa kaunta, na nilitamani kukaa lakini foleni inasukuma.

Kiukweli niliondoka siku ile nimenuna kidogo. Nilijisikia kama nimepelekwa makumbusho ya Livingstone pale Ujiji. Mnayajua, zile sanamu mbili za wazungu wanasalimiana, Stanley na Livingstone, 1871, na miembe wanayosema imetokana na ule mwembe wenyewe. Sisi tuliokulia pale tumeingia mara moja na shule, basi. Mgeni anakuja na gari, anapiga picha mwembe, anaondoka anasema ameiona Ujiji, wakati Ujiji yenyewe iko sokoni mita chache kutoka hapo inapima mawese kwenye madumu. Nami nilikuwa nimepiga picha mwembe wa watu.

Nikamwambia dada. Akacheka sana, akasema "mdogo wangu, si ungeniuliza, Wataliano wako hapa hapa, kwa miguu robo saa."

Arthur Avenue. Kesho yake tukaenda wote na watoto, Jumamosi. Sehemu yenyewe inaitwa Belmont, haina bendera nyingi kama Mulberry, ina watu wamebeba mifuko. Duka la mkate linanukia mtaa mzima, mabucha yametundika nyama dirishani, kuna tambi mbichi zinakatwa ukiangalia, mwingine ameweka meza nje anafungua chaza kwa kisu anakupa unameza hapo hapo na ndimu, mimi hapana asante. Hakuna aliyeniita niingie popote. Wauzaji wako bize, wengine wana kiburi kabisa, na kile kiburi kikanipa imani.

Katikati kuna soko la ndani, limefunguliwa 1940, na hadithi yake mmachinga yeyote wa Tanzania ataielewa bila mkalimani. Wauzaji walikuwa na mikokoteni barabarani, matunda, samaki, kila kitu, na meya wa wakati ule Fiorello La Guardia akasema hapana, barabara zinachafuka, wote ndani ya soko. La Guardia mwenyewe baba yake Mtaliano! Kabla ya siasa aliwahi kuwa mkalimani wa wahamiaji pale Ellis Island, kisiwa walichokuwa wanapokelewa, anawajua hao watu mpaka lafudhi, na ndiye aliyewatoa barabarani. Nilipomsimulia dada kuhusu machinga wetu walivyohamishwa mwishoni mwa 2021 na kelele zilizokuwepo akasema ndo hivyo hivyo, na tazama sasa soko lina miaka zaidi ya 80 na watalii wanakuja kulipiga picha. Sina hakika kama hilo lingemfariji yule aliyevunjiwa meza yake. Lakini soko ni zuri, dari juu, harufu ya zeituni na sigara, wako wazee wanasokota sigara kwa mkono pale mlangoni.

Tukakaa mahali kunywa kahawa, mzee mwenye mgahawa ana masharubu, anaongea na mikono, anamkaripia mpishi, nikamnong'oneza dada, huyu sasa. Huyu ndo mwenyewe. Shemeji, ambaye alikuwa amekuja kutupokea watoto, akacheka akasema huyo ni Mualbania. Nikabisha. Shemeji akamuuliza yule mzee, akajibu kwa fahari kabisa, Mualbania, na jirani yake wa kushoto Mualbania, na yule wa piza kule mbele Mualbania, wamekuja miaka ya nyuma wakafanya kazi kwa Wataliano, Wataliano wakazeeka, wao wakanunua. Akasema chakula chake ni cha Kitaliano kuliko cha Mtaliano. Nikakubali kwa sababu ilikuwa kweli, zile tambi zilikuwa tamu na sahani imejaa.

Mpaka hapo nina siku tatu za kutafuta na Mtaliano sijamshika mkononi. Nikarudi tena Jumamosi iliyofuata, peke yangu, nikijifanya naenda kununua zawadi. Nikiwa kwenye foleni ya mkate mbele yangu kuna bibi mfupi, gauni jeusi, mkokoteni wa kuvuta, anagonga mkate kwa kucha, anasikiliza, anaurudisha, anataka ule wa chini. Muuzaji kachoka naye lakini anampa. Akageuka akaniona nacheka akauliza nacheka nini. Nikamwambia bibi, unanikumbusha mama yangu. Akataka kujua mama yangu yupo hai, nikasema yupo, akaniuliza yuko wapi, Tanzania, akauliza ni mbali, nikasema kuna ziwa kubwa sana, sisi tuko kando yake. Kiingereza changu na chake vilikuwa sare ya bila kufungana. Akaniambia yeye katoka Calabria na miaka 15, na mama yake, kwa meli, baba alitangulia. Amelelewa mtaa wa nyuma ya kanisa lile pale, ameolewa hapo, amezaa hapo.

Nikafurahi mpaka nikataka kumpigia mama simu nimwonyeshe. Nikamuuliza kwa hiyo bibi nyumba yako iko wapi hapa? Akanitazama kama nimeuliza jambo la kipumbavu. Hapa? Hapa hakai. Anakaa Yonkers, mji wa jirani, kwa mwanawe, miaka zaidi ya 30, anakuja na basi kila Jumamosi. Nikamuuliza huko Yonkers hakuna mkate? Akasema upo, akafunga mfuko wake, akaniambia nisinunue ule wa juu, akaondoka anavuta mkokoteni.

Nilinunua tambi pakiti nne, zile zenye umbo la visikio vidogo, na kipande cha jibini kigumu kilichofungwa vizuri ambacho mpaka kinafika Dar kilishatia harufu begi zima. Tumekula juzi Jumapili kwa shangazi. Shangazi ameshika pakiti akaigeuza, akauliza haya ni masikio ya nani, nikamweleza nyanya, vitunguu saumu, jibini juu, akaitikia ndiyo ndiyo, akaingia jikoni akazikaanga kwa mafuta zikawa za kahawia, akamwaga maji, sukari, iliki, zabibu, kama tambi za futari. Jibini akampa paka, paka akalinusa akaenda zake. Tukala. Tulimaliza sufuria.

Mama ndo akarudi kwenye swali lake. Nikamsimulia yote haya, Wachina, Mmexico, Mualbania, mpaka yule bibi wa Yonkers na basi lake. Akasikiliza vizuri halafu akasema sasa huyo bibi naye, mkate na mkate, kwa nini asinunue huko huko anakokaa kuliko kujitesa na mabasi na umri ule. Aliniuliza hivyo huku anachambua dagaa kwenye ungo, dagaa alizozifuata Ujiji asubuhi ile kwa daladala, kwa yule mama muuzaji wake wa siku zote, na kidumu cha mawese kiko pembeni, na soko la Mwanga liko pale, ukisimama mlangoni kwake unasikia wanavyoita bei.